Darsa Isiyomfukuza Mtu: Mwongozo Kamili wa Kujenga Jumuiya ya Waislamu Inayowapokea Waliotengwa

Bagamoyo haina upungufu wa misikiti. Kutoka Mji Mkongwe hadi Magomeni adhana zinapokezana, na madrasa hayako mbali na nyumba yoyote. Hata hivyo wapo Waislamu ambao Ijumaa inawakuta ndani. Kuna kijana aliyetukanwa kwenye hotuba kwa mwendo wake na sauti yake, baba yake akiwa safu ya mbele. Kuna binti anayependa wanawake wenziwe, anasali tano zake chumbani, na anajua siku ikijulikana atalala nje. Kuna huntha, mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyo ya kiume wala ya kike moja kwa moja, ambaye kila akifika mlangoni hajui aingie kwa wanaume au kwa wanawake. Kuna mama aliyezaa kabla ya ndoa. Kuna kijana aliyetoka soba, nyumba ya kuwaachisha watu dawa za kulevya, ambaye viatu vikipotea msikitini macho yote yanamgeukia yeye. Kuna mtu mwenye ualbino anayeachiwa pengo kwenye safu ili mtu asigusane naye bega, na kiziwi anayekaa hotuba nzima akitazama midomo.

Mwongozo huu ni wa yule anayetaka watu hawa wasali na wenzao, wasome na wenzao, na wakifa wazikwe na wenzao. Sizungumzii kujenga msikiti mpya. Nazungumzia darsa ya nyumbani ya watu wachache, ambayo mwambao wote unaijua tangu zamani, ikiendeshwa kwa adabu ambayo wengi wetu tumeiacha.

Zipo jumuiya za namna hii kwingine. Toronto ilianzishwa moja mwaka 2009, na mmoja wa waanzilishi wake ni El-Farouk Khaki, mwanasheria aliyezaliwa hapa Tanzania. London ilianza yao mwaka 2012. Kule walitangaza, wakaweka anwani, wakamkaribisha kila mtu. Njia yao ina heshima yake, lakini inasimama juu ya sheria za kwao. Kwetu mlango unafunguliwa kwa sitara, na ukilishika hili hatua zote zinazofuata utaziona zina maana.

Hatua ya kwanza: Ijue sheria, na ujue hatari isiyoandikwa

Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinaadhibu tendo linaloitwa la kinyume na maumbile kwa kifungo cha maisha, na si chini ya miaka 30. Kifungu cha 138A kinaadhibu vitendo vya aibu kubwa kati ya watu, hadharani au faraghani. Visome mwenyewe, kwa sababu watu wengi wanaviogopa bila kuvisoma na wengine wanavidharau bila kuvisoma. Vifungu hivi vinahusu vitendo. Kusoma Qur'ani pamoja, kufuturu pamoja, kumsikiliza mtu anayelia: hayo hayamo.

Lakini mambo hayaishii kwenye maandishi. Oktoba 2017 watu waliokuwa kwenye kikao cha mashauriano ya kisheria katika hoteli moja Dar es Salaam walikamatwa, mawakili wakiwemo. Mwaka uliofuata aliyekuwa Mkuu wa Mkoa huo, Paul Makonda, alitangaza kamati ya kuwasaka wapendao watu wa jinsia yao na kuwataka wananchi wapeleke majina. Serikali ilijitenga na tamko lake Novemba 2018, ila majirani wengi walisikia tangazo na hawakusikia kanusho. Mtu wa Bagamoyo asijidanganye kwamba kilomita sabini na kidogo ni mbali.

Wala usidhani sheria nzuri peke yake ni ngome. Afrika Kusini katiba inawalinda wapendao watu wa jinsia yao, na bado Imamu Muhsin Hendricks, aliyefungua msikiti wa kuwapokea Cape Town, alipigwa risasi akafa huko Gqeberha tarehe 15 Februari 2025. Kwa hiyo, kabla ya kumwalika mtu hata mmoja, mtafute wakili au msaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ambaye umezungumza naye na kumpima. Namba yake muihifadhi kichwani, kwa maana simu huwa ya kwanza kuchukuliwa.

Hatua ya pili: Anza na watu watatu

Watatu wanatosha, na watano ni wengi. Usichague kwa elimu ya dini kwanza. Chagua kwa ulimi. Yule ambaye hujawahi kumsikia akileta habari za nyumba ya mtu ndiye unayemtaka, hata kama anasoma Juzuu Amma kwa kusuasua.

Mmoja awe mtu mzima anayeheshimika mtaani, na mara nyingi atakuwa mama. Mabibi wa pwani wameshaona mengi. Wamelea watoto wa nje, wamezika waliokataliwa, wamekaa na vijana wenye tabia laini kwenye shughuli za harusi miaka na miaka bila kuwauliza lolote. Ukimwendea bibi wa namna hiyo usimpe hotuba ya haki. Mwambie: "Bibi, kuna watoto wanataka kusoma dini na kila wanapokwenda wanafukuzwa. Tunaomba uwanja wako." Hana haja ya kujua zaidi siku hiyo, ila siku atakapouliza mwambie kweli, kwani kuitumia nyumba ya mtu kwa kumficha hatari iliyomo ni khiyana. Akikataa baada ya kujua, mshukuru na mhame bila kununa.

Mwingine awe miongoni mwa hao waliotengwa. Darsa inayowahusu watu huku ikiendeshwa na wengine peke yao hugeuka kuwa huruma, na huruma ya namna hiyo huchosha haraka kuliko matusi.

Hatua ya tatu: Jengeni msingi wa dini kabla ya mengine

Hapa nitakaa kidogo. Jumuiya nyingi huvunjika kwa kuingia kwenye mabishano ya fatwa wiki ya pili, kabla watu hawajajua kwa nini wamekaa pamoja.

Anzeni na Suratul Hujurat, aya ya 11 na ya 12. Aya hizo zinakataza kudharauliana, kupachikana majina mabaya, dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana. Chukueni darsa tatu au nne kwa aya hizo mbili tu. Kila mmoja aseme ni jina gani baya amewahi kuitwa, na ni lipi amewahi kumwita mwenzake. Kisha Suratu Abasa: Abdullahi bin Ummi Maktum, kipofu, alimjia Mtume (s.a.w.) akitaka kusoma, na aya zikashuka kwa ajili yake. Kipofu huyo baadaye akawa mwadhini pamoja na Bilali. Kisha Al-An'am aya ya 52: usiwafukuze wale wanaomwomba Mola wao asubuhi na jioni.

Katika hadithi, someni ya yule mama aliyekuwa akiufagia msikiti. Alipokufa masahaba walimzika bila kumwambia Mtume, wakiliona jambo lake dogo, naye akaenda kaburini kwake akamsalia. Someni ya Julaybib, sahaba aliyekuwa hana hadhi mbele za watu na Mtume akasema, "Huyu ni wangu na mimi ni wake." Na someni ile iliyomo katika Bukhari ya mtu aliyeletwa mara kwa mara kwa kulewa, mtu mmoja akamlaani, na Mtume akamkataza kwa kuwa mlevi yule anampenda Allah na Mtume wake. Hadithi hiyo ina dawa ndani yake. Aliyeadhibiwa kwa kosa bado ni wa jumuiya, na mapenzi yake kwa Mola yanahesabiwa.

Msiziruke habari ngumu. Katika Sunan Abu Daud imo ya mukhanathi, mwanamume mwenye mwenendo wa kike, aliyeletwa mbele ya Mtume. Alihamishwa hadi Naqi', mahali nje ya Madina, na hilo tusilifiche. Ila watu walipouliza kama wamuue, Mtume alisema amekatazwa kuwaua wanaosali. Fiqhi ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya pwani yote, ina milango mizima ya huntha: asimame safu gani, arithi vipi, aoshwe na nani. Maulama walioandika hayo walichukulia kwamba huntha atakuja kusali. Hawakuuliza kama anastahili kuja.

Na kaumu Lut, watu wa Nabii Lut walioangamizwa? Swali litakuja, na anayeliuliza asinyamazishwe. Semeni kweli: maulama wengi mno, wa madhehebu zote nne, wanaona tendo la mapenzi ya jinsia moja ni haramu. Wapo wachache wa zama hizi, kama mwanazuoni Scott Siraj al-Haqq Kugle na marehemu Hendricks, wanaosoma kisa hicho kuwa kinahusu watu walioshambulia wageni kwa nguvu na kumkataa Nabii wao, si watu wawili wanaopendana. Mimi binafsi naamini Mola anayewajua waja wake kabla hawajazaliwa hakuwaumba baadhi yao ili wasiwe na nyumba katika dini yake. Lakini sijaifanya imani yangu hiyo kuwa sharti la mtu kuingia, na nakusihi nawe usifanye hivyo. Wanaoshika kauli ya wengi na wanaoshika kauli ya wachache wanaweza kusimama safu moja madhali wote wamekubali kwamba darsa hii haitoi hukumu juu ya maisha ya mtu.

Mkitaka ushahidi wa karibu, uko hapahapa mjini. Shehe Yahya bin Abdallah, ambaye sote tunamjua kwa jina la Shehe Ramiya, aliletwa Bagamoyo akiwa mtoto mtumwa kutoka Manyema, akakulia katika nyumba ya Amir bin Sulaiman al-Lamki. Katika mji uliopima watu kwa nasaba alisoma, akasomesha, akawa kiongozi wa twarika ya Qadiriya, na hadi alipofariki mwaka 1931 waungwana na watumwa waliokombolewa walikuwa wakikaa kwenye zikri moja. Maulidi ya Bagamoyo yanayojaza mji kila mwaka yametoka kwenye mkono huo. Anayesema mtu fulani hana nafasi kwenye dini ya mji huu aulizwe: Ramiya angekaa wapi?

Hatua ya nne: Wekeni ahadi na muisome kila mnapokutana

Ahadi iwe fupi, isomwe kwa sauti baada ya Fatiha ya kufungulia. Jina la mtu halitoki nje, wala sura yake, wala alichosema. Hakuna picha. Hakuna kumuuliza mtu yeye ni nani hasa. Atasema akipenda, na asiposema ni haki yake. Hakuna kumtania mtu kwa mwili, sauti, kabila au ugonjwa. Hakuna kutongozana darsani, na anayesomesha ndiye wa kwanza kubanwa na hilo, kwa sababu mtu aliyefukuzwa kila mahali ni rahisi kumtumia vibaya.

Jambo moja halina mjadala: asiingie aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu huyo kuwa mtoto. Kumlinda ni wajibu wenu, na tuhuma ya kuharibu watoto ndiyo ya kwanza kurushwa. Akija mtoto mwenye shida, aliyepigwa au aliyefukuzwa, msimwache barabarani. Mtafutieni shangazi au mjomba mwenye busara, au ofisa ustawi wa jamii, au mpige 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Darsani asiingie.

Hatua ya tano: Mahali, siku na sura ya mkusanyiko

Usiku wa kuamkia Ijumaa ndio mzuri. Watu wamezoea kusikia Yasini na nyiradi usiku huo, na hakuna atakayeshangaa kuona viatu vingi mlangoni. Baada ya Isha watu wazima wanarudi kwao kwa wakati wa kawaida. Msitumie kipaza sauti.

Nyumba iwe na ua na mlango wa nyuma. Isiwe ya yule mwenye hatari kubwa kuliko wote, kwani ikija shari yeye hana pa kurudi. Mjumbe aambiwe mapema kwamba kuna darsa ya Qur'ani, na kweli iwe darsa ya Qur'ani. Mkusanyiko uwe na kile kile kilichosemwa: kisomo, maelezo, maswali, dua, kisha kahawa na kashata. Ikiwa kuna mazungumzo ya maisha ya watu, yafanyike baada ya dua, sauti chini, waliobaki wakiwa wanaoaminiana.

Wanawake wasiachiwe jikoni. Nalisema kwa ukali kwa sababu hapa ndipo vikundi vizuri vinapoharibikia. Wanaume waliochoka kudharauliwa huja, hukaa, hutaka kahawa, na wale akina dada waliokimbia dharau hiyohiyo wanajikuta wanaosha vikombe wakati aya inafasiriwa. Pangeni zamu, na zamu ya kwanza iwe ya wanaume.

Hatua ya sita: Mtu mpya anavyoingia

Hakuna anayekuja mwenyewe. Analetwa na mtu mmoja anayemdhamini. Kabla hajaujua mlango, wawili miongoni mwenu mkutane naye mahali pa wazi, ufukweni au kwenye baraza la kahawa, mzungumze mambo ya kawaida. Msikilizeni anavyowataja watu wengine. Anayewaletea siri za kundi jingine atapeleka na zenu huko. Anayeuliza sana majina, kazi na mitaa ya wenzake kabla hajauliza mnasoma nini, acheni apumzike kwanza. Pia mjihadhari na yule anayetaka kuja kwa sababu amesikia fulani yupo.

Akikubaliwa, asomewe ahadi akiwa peke yake na aikubali kwa mdomo wake. Msimwandike popote. Darsa haina daftari la mahudhurio.

Hatua ya saba: Simu na fedha

Watu wanajificha usiku kucha kisha wanajianika kwenye simu. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA. Zisizosajiliwa zilianza kuzimwa Januari 2020. Kwa hiyo namba yako ni jina lako. Kwenye kundi la WhatsApp kila mwanachama anaiona namba ya mwenzake, na akiiingiza kwenye huduma ya kutuma pesa kama anayetaka kutuma shilingi elfu, jina lako kamili linajitokeza. Hahitaji hata kutuma.

Msiwe na kundi la WhatsApp. Mwalikaji mmoja awajulishe wachache, nao wawajulishe wengine kwa mdomo. Ikibidi kuandika, wekeni ujumbe unaojifuta baada ya saa 24, na uandikwe kama unavyoandikwa wa darsa yoyote: "Alhamisi kwa bibi, Yasini." Signal inaruhusu tangu 2024 kuwasiliana kwa jina la kubuni bila kuonyesha namba, kwa hiyo inafaa kwa wale wawili watatu wanaopanga mambo. Simu iwe na nywila. Alama ya kidole pekee haitoshi, mtu anaweza kushikwa mkono akalazimishwa kuifungua. Majina kwenye orodha ya simu yasiwe yanayomweleza mtu. Wapo wanaomhifadhi mwenzao kwa jina la utani la hadithi nzima, na siku simu inapopotea hadithi nzima imepotea nayo.

Fedha ziwe taslimu. Kibubu cha mbao kinatosha. Michango kwa simu inaacha majina, tarehe na kiasi. Wawili washike, wa tatu ahesabu, kila mwezi wote waambiwe kimeingia nini na kimetoka nini bila kutaja aliyepewa. Msitafute wafadhili mapema. Fedha ya nje inakuja na ripoti, na ripoti inataka majina na picha. Zaka na sadaka za wenyewe kwa wenyewe zinafanya mengi: nauli, kodi ya chumba ya mwezi mmoja, dawa.

Hatua ya nane: Sala, safu na miili yetu

Mkisali jamaa, kubalianeni mapema nani anaongoza, msije mkagombana iqama imeshasomwa. Katika Shafii mwanamke anawaongoza wanawake wenzake, akisimama katikati ya safu yao. Katika sala ya pamoja wengi wanaona aongoze mwanamume. Wachache, kwa kutegemea hadithi ya Ummu Waraqa, ambaye Mtume alimwamuru awasalishe watu wa nyumba yake, wanaona mwanamke anafaa. Kama hamkuafikiana, salini kwa kauli inayomwezesha kila mmoja kusali bila shaka moyoni. Anayetaka nyingine asali nyingine siku nyingine, pasiwepo ushindi. Huntha na wale ambao jinsia waliyoandikiwa hailingani na wanavyojijua, waulizwe kwa faragha wanasimama wapi kwa utulivu. Uwanja mdogo una faida yake: safu inaweza kupangwa ukuta kwa ukuta bila mtu kuonekana amewekwa kando.

Mwenye kiti cha magurudumu atafutiwe ubao wa kupandia kizingiti kabla hajafika, asibebwe kama gunia mbele ya watu. Kuwe na kiti cha chini na kata kwa ajili ya udhu. Kwa kiziwi, anayesomesha akae penye mwanga na ageuke mbele. Mkalimani wa lugha ya alama anaweza kupatikana kupitia wanachama wa CHAVITA, chama cha viziwi, ila naye aingie kwenye ahadi kama wengine. Asiyeona atafutiwe juzuu za nukta nundu, na mwenye uoni hafifu, kama walivyo wengi wenye ualbino, achapishiwe herufi kubwa. Mwenye ualbino asirudi peke yake usiku. Kwa nchi hii sababu haina haja ya kuelezwa.

Hatua ya tisa: Shida zitakazoletwa

Mtu akishaaminiwa na kuamini, analeta shida. Ya kwanza huwa ndoa. Wazazi wamepanga, mahari yamesemwa, na kijana hawezi kusema kwa nini hataki. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya wote wawili, na fiqhi nayo haipendi ndoa ya shuruti. Mfundisheni kukataa kwa sababu asizolazimika kueleza: kazi, masomo, hali ya fedha, hajawa tayari. Tafuteni mjomba wa kumsemea. Ila msimshauri aoe kwa kujificha. Binti atakayeletwa ndani ya nyumba hiyo ni mtu mzima na moyo wake, na kumjengea sitara mtu mmoja kwa maisha ya mwingine ni dhuluma. Najua wanaofanya hivyo wanabanwa. Bado ni dhuluma.

Ya pili ni kufukuzwa nyumbani. Msisubiri itokee. Muwe na nyumba mbili zinazoweza kumpokea mtu kwa siku chache, mojawapo nje ya Bagamoyo, na nauli iwe kwenye kibubu. Nyaraka muhimu kila mmoja aweke nakala kwa mwenzake: kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule. Mtu hufukuzwa kwa dakika tano, kisha anahangaika miaka kupata cheti upya.

Ya tatu ni ugonjwa. Wenye VVU wapo darsani hata kama hamjui, na Sheria ya UKIMWI ya 2008 inakataza kutangaza hali ya mtu na kumbagua. Ramadhani ikifika msimuulize mtu kwa nini amekula. Anayemeza dawa za kufubaza virusi mara moja kwa siku mara nyingi anaweza kuzimeza usiku, lakini hilo ni la kuulizwa CTC, kliniki ya matibabu ya wenye VVU, kabla ya mwezi kuandama. Asijipangie mwenyewe, wala asipangiwe na ustadhi. Anayesema amechoka kuishi msimsomee aya ya adhabu. Kaeni naye, asilale peke yake, na asubuhi mmoja wenu amsindikize hospitali.

Ya nne ni mauti. Jifunzeni kuosha na kukafini, wanaume na wanawake, mapema. Sanda tatu kwa mwanamume, tano kwa mwanamke, mengine mwalimu atawaonyesha. Wapo waliokufa na waoshaji wakasimama mlangoni wakibishana kuhusu mwili wao. Kila mmoja aandike wasia, kama Mtume alivyosisitiza mtu asilale siku mbili na ana la kuusia bila wasia wake kuwa umeandikwa. Kwa asiye mrithi mtu anaweza kuusia hadi thuluthi ya mali, na kwa hiyo rafiki aliyemuuguza mtu kwa miaka anaweza kupata kitu kwa halali kabisa.

Hatua ya kumi: Mashehe na majirani

Msimwendee imamu na madai. Mwendeeni na jambo dogo: tunaomba darsa moja ya Suratul Hujurat, tunaomba sehemu ya kiti cha magurudumu, tunaomba hotuba isimtaje mtu. Shehe asiyekubaliana nanyi katika fatwa anaweza kabisa kukubali kwamba kumtukana anayesali ni haramu, na hilo likipatikana limepatikana kubwa. Majina ya watu asiyapate hata akiwa mwema.

Majirani wapewe futari, waalikwe hitima, wasaidiwe msibani. Mtu aliyekula kwenu na kumwona bibi wa nyumba akisoma Yasini ataona uzito kuamini uvumi.

Hatua ya kumi na moja: Siri ikivuja

Kwanza simamisheni mikutano, bila mjadala, kwa mwezi au zaidi. Pili aliyetajwa atoke mjini siku hiyohiyo. Kupima ukweli wa uvumi kutafuata. Tatu kila mmoja afute mazungumzo kwenye simu. Akija askari, wakili aitwe, na asiwepo wa kueleza zaidi ya jina lake hadi wakili afike. Anayetishia kutangaza ili apewe pesa asilipwe, kwa sababu atarudi; mpelekeeni wakili ushahidi wa vitisho.

Msianze kutafuta mchawi. Mara nyingi siri imevuja kwa simu iliyoazimwa au kwa mtu aliyebanwa na kaka zake, na huyo anahitaji msaada kuliko lawama. Aliyeuza wenzake kwa makusudi hatarudi darsani, hata akitubu. Toba yake ni kwa Mola wake, na ulinzi wa wengine ni juu yenu.

Hatua ya kumi na mbili: Darsa ikikua

Mkifika watu kumi na wawili au kumi na watano, gawanyikeni. Wachukueni watatu waliokomaa waanzishe nyingine, Magomeni kama ya kwanza iko Dunda, au Tanga kama mmoja amehamia huko kikazi. Kila darsa iwe na nyumba yake, kibubu chake na wakili wake. Wanaojuana kati ya darsa mbili wawe wawili tu, mmoja kila upande, na wote wengine wasijue hata mtaa.